Kamisaa wa Siku Moja

Mji wetu wa Norbury uliamua kutawaliwa na Wakomunisti kwa siku moja, na kwa kuwa lilikuwa jambo la kujitakia, liliandaliwa vizuri kuliko harusi. Tarehe mosi Mei, meya angetolewa kitandani akiwa na nguo zake za kulalia, mchungaji angefungiwa kwenye kibanda cha zimamoto, gazeti la mji lingechapwa kwenye karatasi nyekundu. Jioni kila kitu kingerudi mahali pake, watu wangeimba wimbo wa taifa na kula aiskrimu ya bure. Wazo hilo lilikuwa la Bwana Clyde Hathorne, mwenye duka la misumari na mbao na mwenyekiti wa chama cha maveterani wa vita. Alisema watu wa jimbo letu la Minnesota wamelala, na dawa ya mtu aliyelala ni kumtisha.

Kana kwamba tulikuwa hatutishwi. Kila mchezo wa redio ulikuwa na jasusi, na jasusi huyo siku zote alikuwa na lafudhi kama ya marehemu baba yangu. Sinema ya Jumamosi ilikuwa hiyo hiyo kila wiki: jirani mpole, anamwagilia maua yake, kumbe ameficha mtambo wa redio darini. Watoto walinunua chingamu zenye picha za Warusi wanaochoma makanisa, wakabadilishana picha hizo shuleni, mbili za Stalin kwa moja ya bomu. Lakini Bwana Hathorne hakutosheka na watu kutazama, alitaka waonje. Kwa hiyo hoteli zote za mjini ziliambiwa kwamba siku hiyo ziuze mkate mweusi na supu ya kabichi tu, ili Wamarekani wajue mateso ya Mrusi.

Dada yangu Saimi, aliyekuwa mpishi wa shule, ndiye aliyeleta habari hizo, nasi tuko mezani. Nikatazama kilichokuwa mbele yangu. Mkate mweusi na supu ya kabichi.

"Kula mateso yako, Aune, yasije yakapoa," akaniambia.

Sisi ni Wafini, wahamiaji kutoka Ufini. Wanaume wetu walichimba chuma, wanawake wakafua, wakapika, wakashona, na kila Jumamosi wote tukajifungia kwenye vibafu vyetu vya mvuke tukatoka jasho la wiki nzima. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Na Jumapili, zamani, tulikuwa na ukumbi wetu wa Mtaa wa Pili. Ulikuwa ukumbi wa chama cha wafanyakazi, sikatai. Bendera nyekundu ilikuwemo kabatini, na kulikuwa na mhadhiri aliyekuja kutoka Duluth kutueleza mambo ya mtaji huku nusu ya watu wakisinzia. Lakini watu hawakwenda kwa ajili ya mhadhiri. Walikwenda kwa ajili ya kahawa, mkate wa iliki, na michezo ya kuigiza, na michezo ya kuigiza maana yake ilikuwa Urho Lampinen, mume wa dada yangu.

Wiki nzima shemeji yangu huyo alikuwa chini ya ardhi, mweusi kwa vumbi la chuma, akikohoa. Jumapili alikuwa mfalme, mlevi, kasisi, bibi harusi mwenye ndevu. Nimemwona akiigiza mzee anayekufa mpaka mke wa daktari akapanda jukwaani kumshika mshipa. Mchezo wowote, wa kilio au wa kichekesho, ulimalizika kwa wimbo, na palikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine: kabla ya ubeti wa mwisho, mwigizaji mkuu aliinua mkono wa kulia, kiganja wazi, na ukumbi wote ulisimama kuuimba ubeti huo pamoja na waigizaji. Alisimama mlevi, alisimama mjamzito. Asiyesimama alionekana hana adabu, kama mgeni anayeondoka mezani bila kushukuru.

Kisha nyakati zikabadilika. Madirisha ya ukumbi yalipigiliwa mbao, maveterani wakaununua wakawa wanaweka humo viti vyao. Ungemuuliza Mfini yeyote wa Norbury alikuwa wapi Jumapili zile, angekwambia alikuwa mgonjwa.

Shida ya Urho ilikuwa kwamba alikuja Marekani akiwa kijana wa miaka kumi na saba na hakuwahi kuchukua uraia. Uvivu tu, na aibu ya kuandika Kiingereza mbele ya karani. Sasa ilikuwa imetoka sheria kwamba mgeni yeyote aliyewahi kuwa na uhusiano na mambo ya Wekundu, yaani Wakomunisti, anaweza kurudishwa kwao. Akaomba uraia haraka haraka, akapangiwa kwenda mbele ya afisa wa uhamiaji mwezi wa Juni, na akaambiwa alete Wamarekani wawili waheshimiwa wa kumwapia kwamba ni mtu mwema. Mchungaji wetu alikubali. Wa pili hakupatikana. Saimi naye hakuwa na uraia, lakini hofu yake kubwa ilikuwa Helvi, binti yao wa pekee, aliyezaliwa hapa hapa na kusomea ualimu huko Duluth. Nani angempa kazi ya ualimu mtoto wa watu waliofukuzwa nchini?

Ndipo Bwana Hathorne akaja nyumbani kwao, kofia mkononi, anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Urho, rafiki yangu," akasema, "nina meya, nina askari, nina mchungaji. Kamisaa, yule mkubwa wa Kikomunisti anayetoa amri, sina. Mwanangu amejaribu, anaongea kama muuza bima. Mimi nataka mtu mwenye ile sauti. Ile ya huko kwenu."

"Kwetu ni Ufini, Bwana Hathorne. Sisi tumepigana na Mrusi mara mbili."

"Enhe! Hiyo hiyo!"

Urho akatafuna donge lake la sukari, akanywa kahawa juu yake.

"Na watu wakija kuniona ni Mwekundu kweli?"

"Nani? Wewe?" Bwana Hathorne akacheka. "Mtu anayewakejeli Wekundu hadharani, nani atamshuku? Nisikilize. Wewe nifanyie hili, na mimi mwezi wa Juni nitavaa suti yangu, nitakwenda kukuapia mwenyewe. Nikupe mkono?"

Wakapeana mikono. Alipotoka tu, Saimi akaweka birika chini kwa kishindo.

"Hapana. Urho, hapana. Miaka yote hii tumejificha, leo uende mwenyewe uwafundishe kukutazama?"

"Ni shahidi wa pili, Saimi. Unaye mwingine? Nitajie."

Hakuwa naye. Lakini mimi nilimtazama shemeji yangu usoni na nikajua kwamba shahidi ni nusu tu ya habari. Mtu huyo alikuwa hajapanda jukwaani miaka na miaka. Kabla dada yangu hajamaliza kufuta kahawa iliyomwagika, Urho alikuwa ameshasimama.

"Shemeji, hebu nishikie huo mlango," akaniambia. "Nataka nione nitaingiaje."

Nilimshonea koti refu la kijivu kutoka blanketi mbili za jeshi. Mke wa Bwana Hathorne ndiye aliyeandika maneno ya mchezo, na alikuwa ameandika pia wimbo wa Wakomunisti, wimbo wenyewe ukiwa mbaya kiasi kwamba hata wanaomchukia Mrusi waliona ameonewa. Siku ya mazoezi Bwana Hathorne akaukata.

"Imba kitu chochote cha kwenu, Urho. Kwa lugha yenu. Hakuna atakayeelewa, na ndivyo kitakavyotisha zaidi."

Urho alirudi nyumbani anacheka peke yake njiani.

"Unajua nitawaimbia nini, shemeji? Ng'ombe wa Matti."

Ulikuwa wimbo wa kufungia kichekesho kimoja cha ukumbini, mwanamume anamtafuta ng'ombe wake kwenye ukungu, anamkumbatia, anamlilia, anampa siri zake zote, kumbe ni ng'ombe wa jirani. Hakuna wimbo usio na siasa kama huo duniani. Tulicheka mpaka Saimi naye akacheka, na ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akicheka kwa raha.

Siku yenyewe jua liliwaka. Jukwaa lilijengwa mbele ya benki, mabenchi yakapangwa barabarani, na Wafini wazee wakawekwa safu ya mbele, kwa heshima, maana Bwana Hathorne alitaka wapiga picha waone kwamba hata wageni wako pamoja nasi. Saimi alikaa hapo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, pini mdomoni, kama fundi wa nguo.

Urho aliingia, na mji mzima ukanyamaza. Hakupiga kelele hata mara moja. Mwana wa Hathorne kwenye mazoezi alikuwa akibweka. Urho aliongea taratibu, kwa upole, kama daktari mwenye habari mbaya. Alimwambia meya avue viatu, jambo ambalo halikuandikwa popote, na meya, mtu mzima, akavua akasimama na soksi zake zilizotoboka huku watu wakishindwa kucheka. Kisha akashuka kwenye safu za watu, akachuchumaa mbele ya kitoto kimoja cha kike, akakirekebishia utepe wa nywele.

"Mtoto mzuri. Niambie, nyumbani kwenu leo asubuhi nani alisali?"

Mtoto akanyoosha kidole. Akamwonyesha bibi yake, na bibi yake alikuwa Bi Hathorne.

"Asante," Urho akasema. "Mchukueni."

Vijana waliovaa kama askari wakamshika Bi Hathorne mikono. Ulikuwa mchezo, kila mtu alijua ni mchezo, lakini mwanamke yule alipiga ukelele wa kweli, na mtoto akaanza kulia kwa kuwa amemuuza bibi yake. Mimi nilimtazama Bwana Hathorne. Tabasamu lilikuwa limemtoka lote. Pale pale nikajua shemeji yangu amepita kiasi, na kwamba mwenyewe hajui, kwa sababu jukwaani alikuwa hajui kitu kingine isipokuwa kazi yake.

Kisha akapanda juu akaimba Ng'ombe wa Matti.

Aliuimba kwa huzuni kubwa, polepole, macho yametazama mbali. Wamarekani walikaa wameduwaa. Safu ya mbele wazee wetu walikuwa wamejiuma midomo wasicheke, mabega yakitikisika. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Halafu mkono wake wa kulia ukainuka, kiganja wazi.

Naapa hakuuinua yeye. Mkono uliinuka wenyewe kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani gizani. Na safu ya mbele ikasimama. Wachimba migodi wastaafu, kofia vifuani. Mjane Hilma na mkongojo wake. Dada yangu Saimi. Walisimama wote kwa pamoja bila kutazamana, wakaufungua ubeti wa mwisho kwa sauti za watu waliokuwa wamenyamaza miaka mingi. Ulikuwa mzuri jamani. Niliona taa ya kamera ikimulika, ikamulika tena, na mimi pini nusura nizimeze.

Kesho yake picha ilikuwa ukurasa wa kwanza wa gazeti la Duluth: kamisaa ameinua mkono, na safu nzima ya Wafini imesimama mbele yake, midomo wazi. Chini yake waliandika maneno machache tu, kwamba aliinua mkono nao wakasimama. Hata mimi niliyejua ukweli wote niliitazama nikaogopa.

Shule ikamwambia Saimi asije mpaka aitwe. Mtu alivunja dirisha la jikoni kwao kwa tofali. Mabwana wawili wa serikali wenye kofia walianza kupita nyumba kwa nyumba na ile picha, wakiuliza swali moja. Hawakuuliza wimbo ulisema nini. Mzee mmoja alijaribu kuwaeleza habari za ng'ombe wakamwambia aache.

"Nani aliwaamuru msimame?"

"Hakuna aliyetuamuru."

"Mlisimama wote pamoja bila amri?"

"Ni mazoea tu, bwana."

"Mazoea ya wapi?"

Hapo ndipo kila mtu aliponyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa moja, nalo lilikuwa ukumbi.

Urho alikwenda dukani kwa Bwana Hathorne kumkumbusha ahadi. Nilikwenda naye maana Saimi aliogopa atapigwa. Bwana Hathorne hakutoka nyuma ya kaunta.

"Mke wangu halali," alisema. "Mjukuu wangu anakojoa kitandani. Wewe ulijuaje, Urho? Lile la kumuuliza mtoto, ulijuaje? Sisi hatukuliandika."

"Nilibuni, Bwana Hathorne. Ndiyo kazi yenyewe."

"Mtu habuni kitu kama hicho kama hakimo ndani yake."

Tukarudi nyumbani. Njiani tuliwapita watoto wanacheza. Mmoja alikuwa amevaa koti la baba yake linaburura chini, anaongea taratibu kwa lafudhi yetu, anawauliza wenzake nani amesali. Urho akasimama kumtazama.

"Anaharakisha," akaniambia. "Angengoja kidogo kabla ya kuuliza."

Nilitaka kumzaba kofi. Mpaka leo nikikumbuka nataka kumzaba kofi, na nataka kulia.

Lakini kichwani alikuwa ameshaelewa kuliko sisi wote. Watu wote waliokuwa kwenye picha waliitwa kutoa ushahidi siku moja, kwenye kesi ya kumrudisha Urho kwao. Wengi walikuwa kama yeye, hawana uraia, wana wajukuu, wana pensheni za mgodi. Jumamosi ile wakaja kwenye bafu la mvuke la Urho, wanaume kwanza, kisha wanawake, na baada ya kuoga wakakaa kwenye chumba cha kuvulia nguo, nyuso nyekundu, vikombe vya kahawa mkononi. Urho akasimama katikati na taulo shingoni.

"Kila mtu atasema jambo moja," akasema. "Kwamba mlisimama kwa sababu mlinijua na mlinijua kwa ubaya. Mliniogopa. Basi."

"Nikuogope wewe?" Hilma akadakia. "Nimekuona umelewa umevaa gauni la bibi harusi, nikuogope wapi?"

"Hilma, uliigiza mchawi misimu mitatu, watoto wakawa hawapiti kwako. Usiniambie leo huwezi."

"Mchawi hakumpeleka mtu jela."

"Nitakwenda tu. Mkikataa tutakwenda wote, mkikubali nitakwenda peke yangu. Haya, simama. Mimi ni afisa. Kwa nini ulisimama, mama?"

Hilma akasimama, akashika mkongojo. "Niliogopa."

"Usitazame chini, wataona unadanganya. Nitazame mimi. Nichukie. Tena."

Akawafundisha wote, mmoja mmoja. Huyu alimpa machozi, yule akamwambia machozi yatazidi, aseme kwa hasira. Mzee mmoja alimwambia asahau neno katikati kisha alikumbuke, kwa sababu mtu mkweli husahau. Walicheka, wakalia, wakanywa kahawa. Ulikuwa mchezo wake wa mwisho na aliuelekeza kama ile yote ya zamani, hakumwacha mtu mpaka amepatia.

Saimi peke yake alikataa. Alikaa kwenye ngazi ya bafu, mgongo kwetu.

"Mimi nakwenda na wewe Ufini," akasema. "Nitachuma viazi."

"Na Helvi?"

Saimi akaanza kufunga upya kitambaa chake cha kichwa.

"Wazazi wawili Wekundu, Saimi, hata kufagia shule hawatampa. Lakini mama aliyemshtaki Mwekundu, watampa darasa na maua juu. Maneno yako ni mafupi. 'Nilisimama kwa sababu namwogopa. Ni mtu wa hasira.' Sema."

Akayasema jioni ile ile, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za dukani. Urho hakumrekebisha.

Kesi ilisikilizwa chumba cha juu cha posta. Bwana Hathorne alivaa suti yake kama alivyoahidi, akaapa kama alivyoahidi, akasema katika maisha yake amewaona waigizaji wengi na kwamba yule hakuwa anaigiza. Mchungaji wetu aliugua ghafla. Kisha wakaja Wafini, mmoja baada ya mwingine, na walikuwa wazuri ajabu. Hilma alitetemesha mkongojo mpaka karani akamletea maji. Mzee alisahau neno lake, akalikumbuka. Urho alikaa kwenye kiti chake akiwafuata kwa midomo bila sauti.

Saimi alikuwa wa mwisho. Akasema maneno yake, makavu, yakaisha. Afisa wa uhamiaji alikuwa ameshachoka, akauliza kama mtu anayetaka kwenda kula.

"Anakuogopesha vipi, mama? Anakupiga?"

Swali hilo halikuwemo kwenye mazoezi. Urho aliacha kuchezesha midomo. Saimi alishika ukingo wa meza, akamtazama mumewe machoni, akamtazama sana.

"Hanipigi," akasema. "Lakini usiku silali. Nalala macho wazi nasikiliza anavyopumua. Kila akivuta pumzi naomba Mungu iwe ya mwisho."

Karani aliacha kuandika. Afisa akavua miwani yake, akamwambia dada yangu kwa upole kwamba anaweza kukaa, na kwamba nchi hii itamlinda.

Waliamua siku hiyo hiyo. Urho alishikiliwa kituo cha polisi asubiri treni ya kwenda New York na meli, na mimi niliruhusiwa kumpelekea nguo. Koti la kamisaa lilichukuliwa kama kielelezo, kwa hiyo nilimpelekea jaketi lake la mgodini. Walinzi walinikalisha upande wa pili wa wavu. Hakuuliza habari za Helvi wala za nyumba.

"Shemeji, lile la kupumua," akasema. "Sikumpa mimi. Amelitoa wapi?"

"Sijui."

"Kamuulize. Treni ni kesho."

Nilimkuta Saimi anakanda unga wa mkate wa iliki, unga mwingi kuliko wa kulisha nyumba ya watu wawili, seuze ya mtu mmoja. Nilimwambia anachotaka kujua mumewe. Aliendelea kukanda.

"Unakijua kifua chake, Aune. Vumbi la mgodi lile. Miaka yote hii nimekesha nikimsikiliza, nikiomba pumzi isikatike. Nilipoulizwa kikanijia hicho hicho. Nilibadilisha mwisho tu."

"Basi nikamwambie hivyo! Ananing'inia pale kwenye wavu kama mtoto."

"Hapana. Mwambie ni kweli."

"Dada, una kichaa?"

"Akijua nampenda ataniandikia. Unafikiri barua kutoka kwake itafika hapa bila kufunguliwa? Barua moja tu, 'Saimi wangu', na mimi ni mwongo mbele ya serikali, na Hilma ni mwongo, na wote wale, na Helvi hana kazi. Mwambie ni kweli. Mwambie nilimwombea afe."

Nilimtukana dada yangu siku ile matusi ambayo sitayaandika. Hakunijibu hata moja, akaufunika unga kwa kitambaa. Asubuhi nikaenda kituoni na mkate wa moto nimeufunga kwenye taulo, na walinzi wakaukatakata kutafuta sijui nini.

"Amesema ni kweli," nikamwambia.

Urho alichukua kipande cha mkate, akakishika bila kukila. Alifikiri. Uso wake haukuonyesha kitu, na uso ule ulikuwa ukionyesha kila kitu maisha yake yote.

"Ndiyo maana kilitoka vizuri," akasema. "Mimi nisingeweza kumfundisha vile."

Wakamchukua. Hakuandika barua hata moja. Helvi alipata darasa, tena hapa hapa Norbury, na kila mwezi Mei aliwapeleka wanafunzi wake kwenye mchezo, kwa maana mji uliupenda mno na ukaufanya wa kila mwaka. Mwana wa Hathorne aliishia kujifunza ile sauti ya taratibu. Lile swali kwa mtoto lipo, viatu vya meya vipo, hata wimbo upo, maneno yake yakiwa upuuzi mtupu yanayodhaniwa ni Kirusi. Kabla ya ubeti wa mwisho kamisaa huinua mkono wa kulia, na mji wote husimama kumzomea. Saimi aliwekewa kiti cha mbele kila mwaka, mwanamke jasiri aliyelala na adui. Alisimama na wenzake, na alizomea.

Na kila siku, iwe theluji iwe mbu, alikwenda mwisho wa uchochoro kufungua sanduku la barua. Alifanya hivyo mpaka nywele zikawa nyeupe zote. Siku moja uvumilivu ulinishinda.

"Unatafuta nini humo? Si ulimfukuza mwenyewe asiandike?"

"Nilimfukuza," akasema, mkono bado uko ndani ya sanduku. "Nilidhani ananijua vya kutosha asiamini."